Ganda la samaki linalowa mapema: usilaumu rojo, fuata maji

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

“Mtaalamu, kwa wiki kadhaa sasa najaribu nyumbani kukaanga minofu ya samaki iliyochovywa kwenye rojo la unga. Mara ya kwanza nilitumia unga wa ngano na maji tu, ganda likawa gumu kama mkate wa juzi. Mara ya pili nikaongeza yai na bekingi pauda nyingi, likavimba vizuri lakini likanywa mafuta. Mara ya tatu nikatumia bia baridi, nikachanganya na unga wa mahindi, nikapunguza moto na kubadilisha samaki. Jikoni lilipendeza, lakini dakika tano baadaye lilikuwa limelowa na linavuka kwenye samaki kama soksi. Niongeze nini kwenye rojo? Na yale mafuta yaliyobaki, naweza kuyatumia tena?”

Ndugu yangu,

Umeuliza uongeze nini, nami naanza kwa kukunyima cha kuongeza. Bakuli lako lina vitu vya kutosha. Kinachokuharibia kazi ni maji: yaliyo juu ya mnofu, yaliyo ndani ya nyama yake, uliyoyatia kwenye unga, na yale yanayoendelea kutoka kama mvuke wakati wewe unatafuta sahani. Ukijua maji hayo yanatoka wapi na yanaishia wapi, hata unga wa kawaida na maji ya bomba vitakupa ganda linalolia mdomoni. Usipojua, utabadilisha unga na vinywaji hadi uchoke.

Nianze na hiyo soksi, maana ndiyo rahisi kuitibu. Ganda likivuka, ujue halikushika tangu mwanzo. Nyama ya samaki mweupe asiye na mafuta mengi ina maji karibu asilimia 80, na maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600. Tone dogo lililobanwa kati ya mnofu na rojo halina pa kwenda, kwa hiyo linajitengenezea nafasi: linainua ganda lote, na ndani yake samaki anabaki anacheza. Ulipoukata ule mnofu bila shaka uliona uwazi na utelezi mweupe chini ya ganda. Utelezi huo ni rojo ambalo halikuiva, kwa sababu mvuke ulililowesha muda wote.

Tiba yake ni kukausha mara mbili. Kwanza bonyeza mnofu kwa karatasi ya jikoni au kitambaa safi. Kupangusa juu juu hakutoshi. Kisha nyunyiza chumvi kidogo pande zote na uuache kwenye friji dakika 15 hadi 20. Utakuta matone yamejitokeza juu. Chumvi imeyavuta, na nyama imekaza kidogo, jambo linalosaidia pia isimeguke ndani ya mafuta. Yakaushe hayo nayo. Halafu, dakika moja tu kabla ya kuchovya, upake mnofu unga mkavu na uukung’ute hadi libaki vumbi tu. Vumbi hilo linanyonya unyevu wa mwisho na kuwa gundi kati ya samaki na rojo. Ukiupaka unga mnene utakuwa umetengeneza tabaka la uji, na tatizo litarudi kwa mlango wa nyuma. Ukiupaka nusu saa mapema, unga utalowa na kuwa utelezi kabla hata hujawasha moto.

Ndimu na limau zisubiri mezani. Wengi humlowesha samaki kwa ndimu kabla ya kukaanga wakidhani wanamwondolea shombo, kumbe wanamwongezea maji pale pale wanapohitaji ukavu. Asidi nayo hukaza nyama ya juu na kuifanya iachie maji zaidi.

Ulisema mara ya tatu ulibadilisha samaki. Hukusema kama alitoka kwenye friza, lakini nashuku hivyo. Maji yakiganda ndani ya nyama hutengeneza chembe za barafu zenye ncha, nazo hutoboa kuta za seli. Barafu ikiyeyuka, maji yanavuja kupitia matundu hayo. Samaki wa friza anakaangika vizuri kabisa, ila ayeyukie kwenye friji usiku kucha, juu ya wavu wenye bakuli chini yake, ili asilale kwenye maji yake mwenyewe. Kumyeyusha kwenye maji ya moto ni kumpika nje na kumwacha barafu ndani.

Unene wa mnofu nao una neno. Mimi napenda sentimita 2, au pungufu kidogo. Ukizidi hapo ganda litaiva na kupita kabla katikati haijafikiwa na joto. Ukiwa mwembamba mno, nyama inakauka kabla ganda halijapata rangi. Samaki wa mafuta mengi kama salmoni anakaangika, lakini kwa ladha yangu mafuta juu ya mafuta yanakinaisha. Mnofu mweupe, mpole, ndio unaolipa rojo nafasi.

Sasa rojo lenyewe. Jaribio lako la kwanza lilikuwa gumu kwa sababu ya gluteni. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji hushikana na kuwa nyuzi zinazovutika. Mwoka mikate anazitaka sana. Wewe huzitaki. Kadiri unavyokoroga ndivyo zinavyojifuma, na ganda linakuwa kama ngozi. Mambo matatu yanazipunguza kasi: unga wenye protini kidogo, kioevu baridi, na mkono mvivu. Unga wa keki una protini kama asilimia 8 au 9, wa matumizi ya kila siku 10 au 11, wa mikate 12 na zaidi. Soma pembeni ya pakiti. Ukiwa na wa kila siku inatosha, mradi uupunguze nguvu kwa kuuchanganya na wanga.

Hapo ndipo penye mtego ulioingia, na si kosa lako. Mapishi mengi yakitafsiriwa husema “unga wa mahindi” pale yanapokusudia wanga wa mahindi, ile poda nyeupe laini inayokwaruza kidogo ukiifinya kati ya vidole, ambayo watu huitumia kuzitia uzito supu na kastadi. Unga wa mahindi ni punje iliyosagwa. Chembe zake ni kubwa, hazijazwi maji upesi, na kwenye rojo jepesi huzama chini ya bakuli. Mnofu wa kwanza unapata maji ya juu, wa mwisho unapata mchanga. Wanga ni kitu kingine. Hauna gluteni, na sehemu ya molekuli zake, zile ndefu zilizonyooka ziitwazo amilosi, zikiiva na kukauka hutengeneza utando mkavu unaovunjika badala ya kunyumbuka. Unga wa mchele unafanya kazi inayofanana, na ganda lake hunyonya mafuta pungufu kuliko la ngano tupu. Mimi nikiwa na vyote viwili huchagua wa mchele, kwa sababu ganda lake linadumu. La wanga wa mahindi ni laini zaidi kwenye jino, lakini linalegea mapema kidogo.

Kwa nini basi tusiache ngano kabisa? Jaribu siku moja uone. Rojo la mchele mtupu linakauka vizuri, lakini halina kinacholishika; linapasuka, linaacha mabaka wazi, na vipande vinaelea kwenye karai. Gluteni kidogo ndiyo inayoshikilia viputo vya hewa visitoroke. Theluthi mbili ngano na theluthi moja mchele au wanga ni mahali pazuri pa kuanzia.

Viputo vinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu hapo ndipo majaribio mengi ya nyumbani yanapotea. Ganda zuri lina matundu mengi madogo. Kila tundu lina kuta nyembamba, na ukuta mwembamba hukauka upesi na kuvunjika kwa urahisi. Gesi inayotengeneza matundu hayo ni kaboni dayoksaidi, nayo unaweza kuipata kwa njia mbili: ama iwe imeyeyushwa tayari kwenye kinywaji, kama maji yenye gesi au bia, ama izalishwe na bekingi pauda, ambayo ni alkali na asidi kavu zinazosubiri maji na joto ili zianze kupambana. Zote ni halali. Shida yako ya mara ya pili ilikuwa neno ulilolitaja mwenyewe: nyingi. Bekingi pauda ikizidi, matundu yanakuwa makubwa na yanaungana kuwa njia, na njia hizo mafuta hayaziachi zikiwa tupu. Isitoshe inaacha ladha ya sabuni, na alkali yake inaharakisha ganda kuwa la kahawia kabla samaki hajaiva. Nusu kijiko cha chai kwa gramu 150 za unga kinatosha.

Bia je? Ina sifa nyingi kuliko inavyostahili. Gesi yake inasaidia, povu lake linadumu kwa sababu ya protini zake, na sukari kidogo iliyobaki ndani yake inaongeza rangi na harufu. Kuhusu kilevi chenyewe, bia ya asilimia 5 ina kidogo mno cha kuleta tofauti kubwa. Kinachofanya kazi kweli ni kinywaji kikali. Ukiweka vodka badala ya sehemu ya maji, mambo mawili yanatokea: kilevi hakiisaidii gluteni kujifuma kama maji yanavyoisaidia, na kwa kuwa kinachemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi badala ya 100, kinatoka mapema na kuacha ganda kavu zaidi. Kwa asiyetumia kilevi, maji yenye gesi yaliyokaa kwenye friji hadi yakawa baridi kabisa yanampa sehemu kubwa ya faida. Baridi si urembo: gesi hukaa vizuri zaidi ndani ya kioevu baridi, na rojo baridi likigusa mafuta ya moto gesi inalipuka yote kwa pamoja.

Yai mimi siliweki. Kiini kina mafuta, kinalainisha ganda na kulipa rangi ya dhahabu, jambo zuri kama unataka ganda laini la kumumunya. Ute peke yake unakausha, lakini ganda linakuwa gumu. Maziwa na sukari hurahisisha rangi kupita kiasi. Nje inakoza wakati ndani bado pabichi.

Hiki ndicho kipimo changu cha msingi, kinachotosha nusu kilo ya minofu. Changanya gramu 100 za unga wa ngano, gramu 50 za unga wa mchele au wanga wa mahindi, nusu kijiko cha chai cha bekingi pauda na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Weka bakuli hilo kwenye friji. Mafuta yakiwa tayari, samaki akiwa amepakwa vumbi lake, ndipo umimine mililita 170 za maji yenye gesi baridi na ukoroge kwa uma mara kumi hivi. Mabonge madogo yaache, hayana ubaya. Inua uma: rojo literemke kama utepe na kuacha alama inayofutika kwa sekunde moja au mbili. Likidondoka kama donge, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji. Likitiririka kama maziwa, ongeza unga kidogo. Pima kwa mizani ukiweza. Kikombe cha unga kilichoshindiliwa na kile kilichochotwa kwa wepesi vinaweza kupishana kwa robo nzima, halafu mtu anashangaa kwa nini leo si kama jana.

Moto. Hapa ndipo mara ya tatu ilipokuangusha zaidi, hata kuliko unga wa mahindi. Ulipunguza moto kwa kuogopa ganda kuungua, nami naielewa hofu hiyo, lakini mafuta ya joto la chini ndiyo yanayolowesha. Angalia kinachotokea mnofu unapoingia kwenye mafuta ya nyuzi 180. Maji yaliyo kwenye rojo yanachemka papo hapo, mvuke unatoka kwa kasi, na kasi hiyo inasukuma mafuta nje. Zile povu unazoziona si mafuta yanayochemka, ni maji yanayoondoka. Mvuke ukiwa na nguvu, mafuta hayaingii. Wakati huo wanga unaiva na kukauka, na sehemu ya juu kabisa ikishapoteza maji inapanda kuvuka nyuzi 100, ikifika 140 hivi inaanza kuwa ya kahawia. Huo ni mmenyuko kati ya sukari na protini alioueleza mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912, na ndio unaoleta ile harufu inayowatoa watu vyumbani. Ndani ya ganda, samaki haguswi na mafuta kabisa. Anaiva kwa mvuke wake mwenyewe, na hawezi kuvuka nyuzi 100 maadamu ana maji. Kwa hiyo tunavyosema tumemkaanga, kusema kweli tumekaanga unga na kumpika samaki kwa mvuke.

Mafuta yakiwa nyuzi 150, mvuke unatoka kivivu, ganda linachelewa kushika, na kila dakika ya ziada ni dakika ya kulowa. Na hata ukianza na 180, usisahau kwamba kugeuza maji kuwa mvuke kunakula joto jingi: zaidi ya mara tano ya joto linalohitajika kuyatoa maji hayo hayo kwenye baridi ya barafu hadi kuchemka. Joto hilo linatoka kwenye mafuta yako. Minofu minne ikiingia pamoja kwenye sufuria ndogo, mafuta yanaanguka mara moja na moto wa jiko la nyumbani hauwezi kuyafufua kwa wakati. Kwa lita moja na nusu ya mafuta, minofu miwili ya gramu 120 kwa awamu inatosha. Kati ya awamu moja na nyingine ngoja joto lirudi.

Nunua kipimajoto. Nasema hivi kwa mtu anayetaka kufanya majaribio. Ukikaanga mara moja kwa mwezi unaweza kuishi bila hicho. Kwa asiyekuwa nacho, tone la rojo linasema mengi. Likizama chini na kukaa huko, mafuta bado. Likizama hadi katikati kisha likapanda, uko karibu na 170. Likizama kidogo tu na kuibuka mara moja likiwa linachemka kwa furaha, uko 180 na kitu, na hapo ndipo unapopataka. Likitawanyika juu na kugeuka kahawia kabla hujatoa mkono, punguza.

Mafuta yawe ya kusafishwa, yasiyo na harufu kali: alizeti, karanga, mawese yaliyosafishwa, yoyote kati ya hayo yanavumilia zaidi ya nyuzi 220 kabla ya kutoa moshi. Siagi inashindwa mapema sana. Yajae sufuria au karai chini ya nusu, kwa sababu povu litapanda. Na tafadhali, karai likiwa motoni usitoke jikoni. Mafuta yakianza kutoa moshi, zima. Yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko wa chuma, usiguse sufuria wala usithubutu kumwagia maji. Maji yatazama chini ya mafuta, yatageuka mvuke kwa mpigo mmoja na kurusha moto hadi darini.

Mnofu unashikwa ncha moja, unachovywa, unaachwa udondoke sekunde chache, kisha unashushwa taratibu ukielekezwa mbali nawe. Usiuachie mara moja. Ushikilie ukiwa nusu ndani kwa sekunde nne au tano, uutikise kidogo, ganda la chini lishike na lianze kuelea, ndipo uuachie. Ukiutupa tu, unazama na kugandia chini, na ukiubandua unaacha nusu ya ganda kwenye chuma. Kwa sababu hiyo hiyo siupendi ule wavu wa kuzamishia. Rojo linajifuma kwenye waya.

Sentimita 2 zinataka dakika 5 hadi 6, sentimita moja dakika 3 hivi. Geuza mara moja. Kuliko saa, mimi nasikiliza. Mwanzoni kuna kelele nzito kama mvua juu ya bati. Maji ya ganda yakiisha, sauti inapungua na kuwa nyembamba. Hapo ndipo pa kutoa. Ukiwa na kipimajoto, katikati ya mnofu pafike nyuzi 63, na nyama iwe imeacha kuwa na ule mng’ao wa ubichi, inaachana kwa tabaka.

Halafu dakika moja inayofuata, ambayo karibu kila mtu anaitupa. Mafuta mengi yanayoishia ndani ya ganda hayaingii wakati wa kukaanga, yanaingia baada ya kutoka. Ndani ya yale matundu kulikuwa na mvuke. Ganda likianza kupoa, mvuke unarudi kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na mafuta yaliyokuwa yamebaki juu yananyonywa kuingia. Basi usiyaache yabaki juu. Shikilia mnofu juu ya karai sekunde kumi hadi kumi na tano ukiwa bado moto mkali, uutikise, uguse karatasi ya jikoni mara moja, kisha uuweke juu ya wavu wa waya. Juu ya wavu, nasisitiza. Ukiulaza kwenye karatasi au sahani, upande wa chini unajifungia na mvuke wake na ndani ya dakika tatu unakuwa uji. Wewe ulisema dakika tano. Bila shaka ulikuwa umeipanga kwenye sahani, pengine mmoja juu ya mwingine, pengine umeifunika isipoe. Kufunika ndiko kubaya kuliko yote. Nyunyiza chumvi mara ukiitoa, mchuzi uwe pembeni, na kama lazima isubiri, iweke na wavu wake ndani ya oveni ya nyuzi 100, mlango ukiwa wazi kidogo, isizidi dakika 15.

Kuna wanaokaanga mara mbili: kwanza nyuzi 170 hadi ganda lishike likiwa bado jeupe, wanapumzisha dakika mbili, kisha 190 kwa dakika moja. Ganda linatoka kavu kweli, kwa sababu maji yaliyosogea kutoka ndani wakati wa mapumziko yanafukuzwa mara ya pili. Kwa samaki njia hiyo ni ya hatari kidogo, kwani hana subira ya kuku. Ukiijaribu, punguza kukaanga kwa kwanza kwa dakika moja nzima.

Tatizo lako kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni namna unavyojaribu. Kati ya mara ya pili na ya tatu ulibadilisha kioevu, unga, moto na samaki kwa pamoja. Hata matokeo yangekuwa mazuri usingejua umshukuru nani. Fanya hivi siku ukiwa na nafasi. Kata mnofu mmoja vipande sita vinavyolingana, gramu 60 kila kimoja. Changanya unga mkavu wote kwenye bakuli moja kisha uugawe kwa mizani kwenye vikombe vitatu. Cha kwanza kitie maji ya bomba baridi, cha pili maji yenye gesi, cha tatu maji yenye gesi ambayo robo yake umeibadilisha kwa kinywaji kikali, au kama hutumii, kwa ute wa yai. Kila kimoja kitie maji mara tu kabla ya kukitumia, la sivyo cha tatu kitakuwa kimepoteza gesi kikisubiri zamu. Kaanga kipande kimoja kutoka kila kikombe, kisha rudia kwa mpangilio wa kinyume, kwa sababu mafuta ya mwisho si sawa na ya mwanzo na hutaki kikombe kimoja kipate upendeleo.

Onja baada ya dakika moja, na uonje tena baada ya dakika kumi. Mpe na mtu mwingine asiyejua kipi ni kipi. Ulimi wa aliyepika una maoni tayari. Andika kwenye daftari. Siku nyingine shikilia kikombe kilichoshinda na ubadilishe unga tu, siku nyingine joto tu. Mimi mwenyewe niliamini kwa miaka kwamba rojo lazima lipumzike nusu saa, kwa sababu aliyenifundisha alisema hivyo. Nilipolipima bega kwa bega na lile la papo hapo, lililopumzika likiwa na maji ya gesi lilikuwa limelala kabisa. Ushauri ule ulifaa rojo la maji matupu, ambapo unga unahitaji muda wa kunywa. Nilikuwa nimeuhamishia mahali pasipo pake.

Kuhusu mafuta: ndiyo, unaweza kuyatumia tena, na hata yanakaanga vizuri zaidi mara ya pili. Mafuta mapya kabisa hutoa ganda lenye rangi hafifu. Yakishatumika kidogo yanalishika ganda vizuri zaidi na rangi inakuja sawasawa. Yaache yapoe, yachuje kwa kitambaa chembamba hadi chembe zote za unga zitoke, maana hizo ndizo zinazoungua na kuyaharibu. Yahifadhi kwenye chombo kilichofungwa, gizani, penye ubaridi. Yaandike kuwa ni ya samaki, usije ukakaangia maandazi. Mara tatu au nne ni kawaida kwa mafuta yaliyotunzwa, lakini usihesabu mara, angalia hali: yakiwa meusi na mazito, yakitoa povu lisilokwisha hata bila chakula ndani, yakinuka kama rangi ya ukutani, au yakianza moshi kabla ya kufika joto la kukaangia, yamechoka. Usiyamwage kwenye sinki, yataganda njiani na kuziba bomba. Yatie kwenye chupa yenye kifuniko yakishapoa, uitupe na taka.